Kufunga Mfongo

Saa nane usiku. Joto la Aikande, thelathini na tisa na nukta nne.
Upande wa Njoro umeme umekatika,
na mlima haupo, wingu limeufunika hadi miguuni.
Mchana mimi ni mtu wa maabara:
koti jeupe, glavu, friji inayokoroma kama mjomba.
Usiku huu ni mama mwenye beseni na kitambaa.

Najua kinachoendelea ndani yake.
Hiyo ndiyo shida.

Kirusi hakikubisha hodi. Kilipita puani juzi,
pengine kwenye andazi la kugawana mapumziko,
kikaingia seli ya kwanza, kikakaa jikoni kama mwenye nyumba:
pika changu, pika tena, chako kitasubiri.
Seli ile ilijua haiponi. Ikapiga yowe.
Yowe hilo tunaliita intaferoni.
Halimwokoi aliyelipiga. Linawafikia majirani,
nao, kabla mgeni hajagusa ukuta wao,
wanaongeza walinzi:
kimeng'enya ambacho kwa miaka sita nimekitafutia jina la Kiswahili
na bado ni herufi tatu tu kwenye chupa.
Kinakaa. Hakili, hakipiganи, hakisemi.
Kinapapasa gizani kitu kimoja tu,
uzi wa RNA uliosokotwa maradufu,
mrefu kuliko nyuzi za nyumbani.

Baba alikuwa mlinzi wa mfongo, kule Kibosho.
Asubuhi moja maji yalishuka ya buluu.
Mtu alikuwa ameoshea pampu ya mrututu kule juu, penye chanzo.
Baba hakuuliza ni nani. Alimwita Ndesario,
maana ubao ule haukuwa wa mtu mmoja,
wakashikana, wakausukuma,
wakaziba kwa vigogo vya migomba na udongo.
Siku nane, tone halikupita.
Maharage ya watu yakanyauka. Ya kwetu yalitangulia,
shamba letu ndilo lililokuwa la kwanza chini ya lango.
Mama alipanda na ndoo kutoka korongoni, hasemi naye.
Njiani walimrushia: Mlinzi wa maji,
unailinda kiu ya nani?

Ndivyo kinavyofanya hiki kisicho na jina.
Kikiukamata ule uzi, kinamtafuta mwenzake,
wawili wanashikana, kila mmoja anamtia mwenziwe chapa ya fosfeti,
kisha wanakwenda jikoni na kuzima mafiga yote.
Si ya mwizi peke yake. Yote.
Hakuna protini itakayopikwa, ya adui wala ya mwenyewe,
na nyumba inalala njaa ili mgeni asishibe.
Nyumba nyingine haziamki.

Darasani niliandika jambo hili kwa mishale na kalamu nyekundu.
Nikapata alama nzuri.
Hakuna mshale ulionifundisha uzito wa kiganja hiki
kinachochoma, kilicholegea ndani ya changu.

Lala, mwanangu. Maumivu haya ya viungo,
uchovu huu, chakula ulichokikataa tangu jana,
mengi si ya adui. Ni yetu.
Ni watu wa nyumbani wanaofunga maji.
Namwambia hivyo, naye haelewi,
na mimi nusu ya usiku siamini.

Siku ya tisa baba alipanda peke yake.
Nilimfuata kwa siri, nikajificha kwenye magimbi.
Alitoboa udongo kwa kidole,
akakinga viganja, akanywa,
akakaa chini muda mrefu akisubiri tumbo lake liseme.
Ndipo akamwita Ndesario.

Saa kumi na moja. Shingo ya Aikande imelowa jasho.
Anafungua jicho moja, anasema: Maji.
Naijaza bilauri.
Nayaonja kwanza.